Mrejesho: Kuwapima wanagenzi wa tathmini ya hatari kazini

Ndugu zangu, mwezi uliopita niliuliza nitawapimaje wanagenzi 12 waliofaulu wote mtihani wa maswali ya kuchagua, ilhali hatari yenyewe hawakuwa wakiiona. Nawashukuru kwa dhati. Nilifuata shauri la kuwapeleka kwenye karakana ya kuchomelea vyuma hapa Kisumu, ambako kila mmoja alijaza fomu peke yake, kisha akanieleza kwa mdomo sababu ya kila alama aliyoipa hatari. Wanane waliuona waya uliochubuka ukipita dimbwini. Lakini karibu wote, hao wanane wakiwamo, waliandika glavu na miwani kama kinga kabla ya kujiuliza kama hatari yenyewe ingeweza kuondolewa. Shauri jingine mlilonipa, la wanagenzi kusahihishana wenyewe, halikufaa, kwani walipeana alama za kirafiki. Wanne ambao hawakuuona waya huo watarudia zoezi la karakanani.