MJADALA: Celtel ilizaliwa ndani ya TTCL. Nani aliruhusu mtoto aondoke na urithi?

Mleta mada:

Wakuu, salaam. TTCL, shirika letu la simu la umma, ikitajwa tu, hukumu huwa imeshatoka kabla kesi haijasikilizwa. Upande mmoja unasema mwekezaji aliiua. Upande wa pili unasema mashirika ya umma hayawezi biashara, basi, mjadala umefungwa. Mimi sipo kwenye kambi yoyote kati ya hizo. Ninavyoona, TTCL ilipoteza nguvu zake mwaka 2005, ilipotenganishwa na Celtel, ambayo leo ni Airtel Tanzania, kwa makubaliano yaliyosainiwa, na aliyekuwa na uwezo wa kukataa ni serikali yetu wenyewe. Naomba nieleze, kisha mnisahihishe.

Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika 1977, shirika la posta na simu la pamoja likagawanywa, na sisi tukabaki na Posta na Simu yetu. Sheria za 1993 zikaligawa tena: barua zikabaki Posta, simu zikaenda TTCL iliyoanza kazi Januari 1994, na Tume ya Mawasiliano ikaundwa ili kusimamia sekta. Miaka hiyohiyo Mobitel ikaingiza simu za mkononi. Yaani TTCL ilianza kutembea huku mpinzani wake tayari yuko barabarani.

Sasa tufike Februari 2001. Serikali ikauza asilimia 35 ya hisa kwa ubia wa MSI ya Uholanzi na Detecon ya Ujerumani, na uendeshaji wa kampuni ukawa mikononi mwao. Bei ilikuwa dola milioni 120. Nusu, yaani milioni 60, ikalipwa. Kisha ukazuka ugomvi kuhusu hesabu za kampuni zilizotumika kupanga bei, na sehemu kubwa ya nusu ya pili haikuonekana. Wengi wetu hapa ndipo tunapoishia kulaani. Mimi ugomvi ule naumia nao, lakini sidhani ndilo pigo kubwa.

Pigo kubwa ni hili. Novemba 2001 Celtel Tanzania ikaanza kazi ikiwa kampuni tanzu ya TTCL. Serikali ilikuwa na asilimia 65 ya TTCL, kwa hiyo kupitia TTCL Watanzania tulikuwa na fungu kubwa katika biashara ya simu za mkononi, biashara ambayo kila mtu mwenye macho aliona inakoelekea. Mwaka 2005 kampuni hizo mbili zikatenganishwa. Angalieni zilivyogawanywa: kwa TTCL serikali ikabaki na 65 na mwekezaji 35. Kwa Celtel, mwekezaji akatoka na 60 na serikali ikatoka na 40.

Someni tena taratibu. Aliyekuwa na theluthi mbili za mama akapewa chini ya nusu ya mtoto. Aliyekuwa na theluthi ya mama akatoka na mtoto mkononi. TTCL yenyewe ikabaki na nguzo, nyaya za shaba na simu za mezani, tena katika mwaka uleule ambao ukiritimba wake wa simu hizo za mezani ulikwisha.

Na mwaka huohuo wa 2005, MSI, ambayo wakati huo ilishajiita Celtel International, ikauzwa kwa MTC ya Kuwait. Biashara yake ya Afrika nzima ilithaminiwa dola bilioni 3.4. Baadaye jina likawa Zain, na 2010 Bharti Airtel ya India ikachukua shughuli za Zain Afrika kwa dola bilioni 10.7. Tanzania ilikuwa kipande kimoja tu cha mali hizo, najua. Lakini kipande hicho kilitokea TTCL.

Swali langu: lawama za kudidimia kwa TTCL ziende kwa mnunuzi wa 2001, au kwa muuzaji aliyekubali mgawo wa 2005?

Mchangiaji, Morogoro:

Mkuu mleta mada, umepanga hoja vizuri, ila mimi mtoto wa fundi simu sikubali. Mzee wangu alipanda nguzo miaka mingi, na mazungumzo ya sebuleni kwetu yalikuwa ekschenji, kebo na laini. Usisahau hali ilivyokuwa kabla ya mwekezaji. Mwaka 2000 laini za mezani nchi nzima hazikufika 200,000, na sensa ya 2002 ilihesabu watu zaidi ya milioni 34. Taasisi za serikali zilikuwa zinapiga simu na bili zinalala mezani. Waya wa shaba ukivutwa leo, kesho umekatwa na wezi.

Kampuni ya namna hiyo ingepata wapi mtaji wa kujenga minara kutoka Kagera hadi Mtwara? Unasema mtoto alichukuliwa. Mimi nauliza nani alikuwa analipa maziwa ya mtoto. Vodacom walishaingia 2000 na fedha zao. Kama Celtel ingebaki chini ya TTCL, ikisubiri bajeti na vikao vya bodi, nadhani leo tungekuwa tunajadili vifo viwili.

Mchangiaji, Nairobi:

Ndugu zangu wa Tanzania, niruhusuni niingie kama jirani. Kwetu hadithi inafanana na yenu hadi inatisha. Safaricom ilianza ndani ya Telkom Kenya, na Vodafone walipoingia 2000 walichukua asilimia 40, Telkom ikabaki na 60. Mwaka 2007 serikali ilipotaka kuuza asilimia 51 ya Telkom kwa France Telecom, zile hisa za Safaricom zilitolewa kwanza zikapelekwa Hazina. Telkom mama akauzwa kwa dola milioni 390 bila mtoto wake, na hajasimama vizuri tangu siku hiyo.

Lakini tofauti ni hii: mtoto alibaki wa nchi. Mwaka 2008 robo ya Safaricom iliuzwa kwa umma, hisa shilingi tano, na wananchi wakapanga foleni kuzinunua. Baada ya hapo serikali bado ilikuwa na asilimia 35. Kwa hiyo kaka wa Morogoro, mtaji wa mgeni unaweza kuja na mwenye nyumba asipoteze wingi wake. Sisi tulimpoteza mama, nyinyi mlipoteza wote wawili kwa muda.

Mleta mada:

Asante sana jirani, umenisaidia kusema nilichokuwa nakitafuta.

Ndugu wa Morogoro, heshima kwa mzee wako. Hoja ya mtaji ni nzito na siipuuzi. Aliyeweka fedha nyingi zaidi anastahili kuongezewa hisa, hiyo ni kanuni ya biashara popote. Ila basi tuonyeshwe hesabu: mwekezaji aliweka kiasi gani ndani ya Celtel kutoka 2001 hadi 2005, na thamani ya leseni, masafa, wateja na mitambo ya TTCL ilipigwaje? Hisa zikihama kwa uzito ule, wananchi wana haki ya kuona mizani.

Tena tazameni serikali yenyewe ilivyokuja kulichukulia jambo hili. 2016 ililipa Bharti Sh bilioni 14.9 ili kurudisha ile asilimia 35 ya TTCL. Desemba 2017 Rais Magufuli akatamka hadharani kwamba Airtel ni mali ya TTCL na akaagiza uchunguzi. Januari 2019 wakakubaliana: serikali ikapanda kutoka 40 hadi 49 bila kulipia nyongeza hiyo, Airtel wakabaki na 51. Kama mgawo wa 2005 ulikuwa wa haki, tulirudi mezani kudai nini?

Mchangiaji, Dar es Salaam:

Wakuu, nyote mnapigania mali iliyoshagawiwa. Mimi nataka kujua TTCL ya sasa inapewa kazi gani. Tumejaribu Wakanada wa SaskTel waiendeshe kuanzia 2007, mkataba ukavunjika kabla ya muda wake. Tumeibadilisha kutoka kampuni kuwa shirika mwaka 2018. T-Pesa yake imekuja wakati M-Pesa, iliyoanza nchini 2008, ilishakuwa kila kona ya nchi. Bado tunaitaka igombee vocha na kampuni tatu au nne kubwa!

Wakati huohuo inasimamia Mkongo wa Taifa, yaani mtandao wa nyaya kuu za mawasiliano za nchi, ambao kampuni hizo zinautumia kusafirisha mawasiliano yao mikoani, na nchi jirani zisizo na bahari zimeunganishwa nao. Hiyo ndiyo nguvu yake. Iachwe iuze njia kwa jumla, kwa bei moja kwa kila mteja, na rejareja waachiwe wengine. Mleta mada, hilo unalionaje?

Mleta mada:

Nusu nakubali, nusu napinga. Mkongo ndio uti wa mgongo wa TTCL, na fedha za umma ziende huko kwanza kabla ya matangazo ya vifurushi. Lakini kuna vijiji ambavyo kampuni binafsi hazipeleki mnara kwa sababu faida haionekani. Huko nataka shirika letu lifike, hata kwa hasara inayojulikana na kulipwa na bajeti.

Na ile 49 ya Airtel: gawio lake linaingia Hazina, halafu TTCL inakwenda kuomba kwenye mfuko huohuo. Napendekeza sehemu ya gawio hilo itengwe kisheria kwa ajili ya Mkongo na minara ya vijijini. Fedha hizo asili yake ni TTCL. Wa Morogoro, muulize mzee kama analikubali hilo, mimi nasubiri jibu lake hapahapa.