Kuba la Ani: lijengwe upya au tundu libaki?

Mleta mada

Wakuu, kanisa kuu la Ani, mji wa kale wa Waarmenia uliobaki magofu, lipo Uturuki, ukingoni kabisa mwa mto unaoitenganisha nchi hiyo na Armenia. Halina kuba tangu tetemeko la 1319. Ukisimama katikati ukainua macho, unaona matao manne makubwa yaliyochongoka, na juu yake mbingu tupu. Mwaka 2011 Uturuki na World Monuments Fund, shirika la kuhifadhi majengo ya kale, walitangaza mradi wa kuliimarisha, na 2016 Ani ikaingizwa kwenye orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO. Kwa hiyo swali linarudi: kuba lijengwe upya?

Mimi nasema hapana, na sababu yangu ni shingo. Kuba la Kiarmenia halikai juu ya ukuta hivi hivi. Hapa Ani kuna nguzo nne, kisha matao, kisha kwenye kila kona pembetatu iliyopinda inayougeuza mraba kuwa duara. Juu ya duara husimama shingo yenye madirisha, ndani bakuli la kuba, na nje kofia ya mawe iliyochongoka kama koni. Ukitazama kwa mbali huoni kuba, unaona kofia. Sasa shingo ya Ani ilikuwa na kimo gani? Kofia ilikuwa laini, au ya mikunjo kama mwavuli uliofunguliwa nusu? Makanisa ya zama zile yana aina zote mbili. Mkataba wa Venice wa 1964, yaani kanuni za kimataifa za kutunza majengo ya kale, unataka ukarabati ukome pale makisio yanapoanza. Hapa tutaanza na makisio.

Fundi Chokaa

Mkuu, tumuulize Trdat, msanifu wa kanisa hilohilo. Mwaka 989 tetemeko liliangusha sehemu ya kuba la kanisa la Hagia Sophia, Konstantinopoli (Istanbul ya leo), na aliyelitengeneza ni yeye, Mwarmenia. Stepanos wa Taron, mwanahistoria wa wakati huo, anasimulia kwamba Trdat alitengeneza mchoro na mfano mdogo kwanza, ndipo kazi ikaanza. Mwaka 994 kanisa likafunguliwa. Kuba lile halikuwa lake, lilikuwa la karne ya 6, na hakuliacha wazi.

Mleta mada

Hapo umenibana, ila nusu. Trdat alikuta sehemu kubwa ya kuba bado iko juu, akawa na cha kunakili. Hapa Ani tutanakili nini? Msiniletee ile sanamu ya Gagik I, mfalme wa Waarmenia wa Ani, iliyofukuliwa 1906, ameshika mfano wa kanisa. Lile ni kanisa lake jingine la duara, na sanamu yenyewe baadaye ilipotea.

Mpita Njia

Na Garni, lile hekalu la kale la Armenia, je? Lilianguka 1679, Waarmenia wakalisimamisha tena kati ya 1969 na 1975. Jiwe la zamani lina nakshi, jipya wameliacha bila nakshi. Hata mtoto anatofautisha.

Fundi Chokaa

Sasa naipinga hoja yangu mwenyewe. Ukuta wa Kiarmenia ukiutazama utadhani ni jiwe tupu. Sivyo. Ni ngozi mbili za mawe ya tufa, jiwe jepesi la volkano, yaliyochongwa vizuri, katikati wamejaza vipande vya mawe na chokaa. Ujazo huo ndio unaobeba. Tetemeko la 1988 liliangusha kona ya kaskazini-magharibi ya kanisa hili. Kabla ya kubishania kofia, niambieni nani ataibeba.

Msomaji Kimya

Mnaongea mawe tu. Kofia ikirudi, kileleni mtaweka nini? Kanisa la Kiarmenia la Akdamar, kisiwani ziwa Van huko huko Uturuki, lilikarabatiwa likafunguliwa 2007 kama makumbusho, kuba likiwa halina msalaba. Ibada ya Septemba 2010 ilifanyika bila msalaba juu, ukapandishwa siku chache baadaye. Ani ni pagumu zaidi: Alp Arslan, sultani wa Waturuki wa Seljuki, alipouteka mji 1064, kanisa kuu likageuzwa msikiti, na Oktoba 2010 chama cha Bahçeli, mwanasiasa wa utaifa wa Kituruki, kiliswali Ijumaa humo ndani. Tundu halimkeri mtu. Kilele kitamkera kila mtu.

Mleta mada

Hoja nzito kuliko yangu, nakiri.

Fundi Chokaa

Eti tundu halimkeri mtu! Linaikera chokaa. Mvua na theluji zinaingia, maji yanapenya kwenye ujazo, baridi inayagandisha, yanatanuka, ngozi ya tufa inaachia. Mkisema tuache kama lilivyo, mnaamua liendelee kuanguka polepole. Uwanda ule ni wa baridi kali, si Bagamoyo.

Mleta mada

Basi nisogee hatua moja. Paa jepesi, la kuondoleka, lisilojifanya kuba wala koni, nakubali. Ila liwe chini ya matao, mtu asilione kwa nje.

Fundi Chokaa

Juu, mkuu. Ukilitia chini, mabega ya matao yanabaki nje yananyeshewa, na hayo ndiyo tunayotaka kuyaokoa. Kama sura yake inakukera, mtafute msanifu mwenye adabu.