Nifungue kampuni limited au nibaki na jina la biashara? Nasaga unga wa lishe, Moro

MamaUji_Moro
Habari zenu wakuu, na wakubwa shikamooni. Mimi nipo Morogoro nasaga na kupaki unga wa lishe, nilianza na kilo tano za mahindi na soya jikoni kwangu, saa hizi nina chumba cha kupanga, mashine moja ya kusaga na akina dada watatu wananisaidia kupaki. Nina jina la biashara nililosajili BRELA (wakala wa usajili wa biashara), TIN yangu binafsi (namba ya mlipakodi), leseni ya manispaa na alama ya ubora ya TBS nimeshapata.

Sasa kuna supamaketi ya Dar wanataka mzigo kila baada ya wiki mbili ila fomu yao ina sehemu ya cheti cha kampuni. Na mdogo wangu wa kiume anataka kuweka hela yake milioni 3, anasema tufungue limited tugawane nusu kwa nusu, kwamba hata tukidaiwa hamna atakayegusa nyumba ya mama. Kijana mmoja wa steshenari kaniambia nimpe laki sita anamaliza kila kitu, na mtaji tuandike milioni 100 ili tuonekane wakubwa.

Mauzo yangu kwa mwaka ni milioni 40 na kitu. Je inanifaa? Na cheti kikishatoka mwaka mzima nitakuwa nalipa nini na nini, maana kila ninayemuuliza ananieleza habari ya kufungua tu, ya kuiendesha hamna anayenieleza.

mhasibu_wa_mtaa
Dada umeuliza swali ambalo wengi huwa wanakuja kuniuliza wakiwa wameshachelewa.

Kwanza hiyo laki sita iache. Ada za BRELA zinaenda kwa mtaji: mtaji usiozidi milioni 1 ni 95,000, unaozidi milioni 1 hadi 5 ni 175,000, ukipita milioni 50 ni 440,000. Juu yake kuna ada ya kuwasilisha nyaraka 66,000 na ushuru wa stempu shilingi elfu sita na mia mbili. Unajaza mwenyewe onlaini kwenye ORS (mfumo wa BRELA wa usajili), mnatakiwa mwe na namba za NIDA na TIN zenu wote wawili, mnaandaa katiba ya kampuni, tamko mnalipeleka kwa wakili anagonga muhuri, mnaskani mnapandisha, inatoka kontrol namba mnalipa kwa simu. Kuna na sehemu ya wamiliki manufaa, yaani watu wanaoimiliki au kufaidika nayo hasa, jaza ukweli. Wakili mlipe, tena mwambie aisome katiba nanyi kifungu kwa kifungu, hapo ndo hela yako inafanya kazi.

Milioni 100 usiandike kabisa. Hisa mliyoichukua bila kuilipia ni deni lenu kwa kampuni, siku kampuni ikifilisiwa mfilisi anawadai ninyi hicho kilichobaki. Unaandika milioni 100 kujionesha afu unajikuta umejifunga mwenyewe. Milioni 5 inawatosha.

Sasa kodi, hapa ndo pazito. Wewe saa hizi ni mtu binafsi na mauzo hayafiki milioni 100 kwa mwaka, kwa hiyo TRA wanakukadiria kwa mauzo kwa viwango vya wafanyabiashara wadogo. Kampuni haina hiyo nafasi hata ikiuza milioni 5 tu. Kampuni inalipa asilimia 30 ya faida, inapeleka makadirio na kulipa kwa awamu nne, na mwaka wa hesabu ukiisha una miezi sita ya kupeleka ritani ya mwisho (taarifa ya mapato na kodi ya mwaka) yenye hesabu zilizothibitishwa na mhasibu mwenye CPA, yaani cheti cha uhasibu cha juu. Huyo CPA hafanyi bure, ingiza kwenye bajeti. Wale dada watatu ukishawaajiri rasmi kuna NSSF asilimia 20 ya mshahara (mnaweza kugawana 10 kwa 10), kuna WCF (mfuko wa fidia kwa wafanyakazi), kuna PAYE (kodi ya mshahara) kwa mshahara unaofika kiwango cha kukatwa. SDL (tozo ya kuendeleza ujuzi) bado, hiyo inaanza ukifika wafanyakazi 10. VAT nayo bado, kiwango ni mauzo ya milioni 200.

Kwa hiyo kabla ya yote piga simu hapo supamaketi uwaulize kama jina la biashara na TIN yako havikubaliki kweli. Mara nyingi fomu imeandikwa kwa ajili ya wauzaji wakubwa na ukiuliza wanakupokea.

chuma_na_moto
Mimi niongelee hiyo ya nusu kwa nusu, dada yangu nakuomba usifanye. Tulikuwa wawili karakana ya kuchomelea mageti, tumekua wote, tukafungua kampuni 50 kwa 50 na benki tukaandika kila hundi tusaini wote wawili, tuliona ndo uaminifu. Mwaka wa pili tukagombana kuhusu kununua mashine ya kukunja bati, yeye anataka mimi sitaki, hamna aliyemzidi mwenzie hata hisa moja kwa hiyo hamna uamuzi. Akaacha kuja. Jumamosi ya malipo vijana sita wamekaa nje kwenye geti ambalo hatujalimaliza, nina kitabu cha hundi mkononi, hela benki ipo, na siwezi kuwapa hata shilingi maana saini ni moja. Nikaenda kukopa kwa mama yangu mdogo nikawalipa. Mpaka leo nikimuona yule jamaa roho inaniuma, hatukuwa maadui, ile karatasi ndo ilitufanya maadui.

Mtu mmoja awe na zaidi. Na kwenye katiba andikeni kabisa mwenzio akitaka kutoka hisa anamuuzia nani na bei inapatikanaje, na akifariki (Mungu apishe mbali) zinaenda wapi. Muandike sasa hivi mkiwa mnapendana.

BabaZuhura
Nakazia ya mhasibu. Mimi nilifungua kampuni 2017 kwa ajili ya tenda moja ya kusambaza vifaa vya ofisi, tenda nikakosa, cheti nikakitia kwenye bahasha nikaweka juu ya kabati nikasahau. Nilijua kampuni isiyofanya kazi haidaiwi. Kumbe BRELA kila mwaka unatakiwa upeleke ritani ya mwaka, 22,000, ndani ya siku 28 kutoka tarehe iliyosajiliwa, na ukichelewa ni 2,500 kila mwezi kwa kila ritani. Miaka minne hiyo. Lakini ya BRELA ilikuwa ndogo, TRA ndo nilikaa chini, maana TIN ya kampuni ilikuwa hai na sikupeleka ritani hata ya sifuri, na adhabu ya kampuni kutowasilisha ilikuwa laki mbili na zaidi kwa kila mwezi. Nilihangaika mwaka mzima na barua za kuomba msamaha wa adhabu. Na kuifuta nayo hawakubali mpaka umalize ritani zote za nyuma. Dada siku cheti kinatoka andika hiyo tarehe ukutani hapo hapo kwenye mashine.

MamaUji_Moro
Asanteni sana jamani, nimesoma mara mbili. Nimewapigia supamaketi, wamesema kwa mwaka huu watanipokea kwa jina la biashara ila mkataba mkubwa wa mwakani lazima iwe kampuni. Kwa hiyo nadhani nitaifungua ila taratibu. @mhasibu_wa_mtaa, ile ya nyumba ya mama hujanijibu. Na mashine ni yangu nilinunua milioni 4.2, inaingiaje? Na pango lina jina langu, imebaki miezi saba.

mhasibu_wa_mtaa
Kweli niliruka. Kampuni ni mtu mwingine kisheria, deni lake ni lake, ninyi mnapoteza hisa zenu tu. Hivyo mdogo wako yuko sawa kwa muuza mahindi au muuza mifuko aliyewakopesha. Ila benki ikikopesha kampuni changa inawaambia wakurugenzi wadhamini wao wenyewe na hati iwekwe, mkisaini hapo nyumba imeshaingia, kwa hiyo hati ya mama isitoke kabatini. Na kodi ambayo kampuni haikulipa, TRA wanaweza kuwafuata wasimamizi wake.

Mashine chagua moja, iwe hisa zako au uikopeshe kampuni au uikodishe kwa mkataba. Mimi ningeingiza milioni 3.8 kama hisa, ile 400,000 iwe mkopo wa mkurugenzi, mdogo wako alete 1,200,000 za hisa, jumla milioni 5, unakuwa na asilimia 76 na yeye 24. Kubadili katiba kunahitaji robo tatu ya kura, ukiwa na 70 hutoboi peke yako. Ile milioni 1.8 yake iliyobaki aikopeshe kampuni kwa maandishi. Kaeni mliongee kwa uwazi, asije akaisikia kwa wakili, na yeye akiomba uamuzi fulani mkubwa usifanyike bila yeye mpe, uandikwe.

Na hela ya mauzo isiingie tena kwenye namba yako ya simu. Fungua lipa namba ya kampuni, jilipe mshahara, ukitaka hela ya ada ya mtoto iandike kwenye daftari kuwa umekopa kampuni na uirudishe. Faida mkigawana kuna asilimia 10 ya kodi inakatwa kwanza.

TBS, leseni, pango, vyote viko kwa jina la mtu mwingine yaani wewe, inabidi vihamie kwa kampuni. Pango usisubiri hiyo miezi saba, TRA watakuuliza mkataba wakati wa kuomba TIN ya kampuni. Ila kamwambie baba mwenye nyumba mapema kwamba kampuni ikimlipa itamkata asilimia 10 ipeleke TRA na itampa cheti chake cha makato, maana akipokea pungufu bila taarifa ataona umemdhulumu.

MamaUji_Moro
Hiyo ya baba mwenye nyumba ndo sikuijua kabisa. Kesho nampitia asubuhi kabla sijawasha mashine.