Bwawa la uani kwa Bibi

*Ijumaa*

Baraka: Shikamooni wakubwa. Picha hiyo hapo, shimo limekwisha! Urefu mita 2, upana 1.5, kina nusu mita. Sijatumia hata senti. Na ile nailoni nyeusi nene iliyobaki kwenye banda ina mita 3 kwa 2.5. Kesho natandika, najaza maji, jioni samaki wanaogelea.

Mjomba Hamisi: Marahaba. Hiyo nailoni haitoshi.

Baraka: Mjomba, shimo mita 2, nailoni mita 3. Inabaki mita nzima!

Mjomba Hamisi: Nailoni haikai juu kama mfuniko wa sufuria. Inashuka nusu mita, inalala chini, inapanda nusu mita nyingine. Chukua urefu wa shimo, ongeza kina mara mbili, halafu sentimita 30 za kulalia ukingoni kila upande. Upana nao hivyo hivyo. Haya piga hesabu.

Baraka: 2 + 1 + 0.6 = 3.6
1.5 + 1 + 0.6 = 3.1
Lahaula.

Neema: 😂😂😂 Bwawa limevaa kaptula

Baraka: Nikiunga kipande kingine na gundi?

Mjomba Hamisi: Hapo kwenye kiungo ndipo patakapovuja, na hutajua panapovuja. Punguza shimo. Mita 1.4 kwa 0.9 nailoni yako inaenea kamili. Kina usiguse, maji yakiwa haba yanachemka na jua, samaki wanakosa hewa. Udongo unaorudisha ushindilie kweli kweli, tia maji kidogo, shindilia tena. Ukiutupia tu, ukuta utatitia siku bwawa likijaa.

Baraka: Yaani nimechimba siku mbili ili nifukie?

Mjomba Hamisi: Ndiyo.

Shangazi Mwanaidi: Mimi nina neno moja tu. MBU.

Neema: Na mimi la pili. Mwanangu ndiyo kwanza ameanza kukimbia, na kila wikendi tuko kwa Bibi.

Mjomba Hamisi: La Neema lije kwanza. Mtoto wa umri huo anazama hata kwenye maji yasiyofika gotini. Baraka, kabla ya tone la kwanza la maji nataka kuona fremu ya nondo yenye wavu wa chuma juu ya shimo. Usimame juu yake wewe mwenyewe. Ikibonyea, bado. Na hata ikikubeba, mtoto haachwi uani peke yake.

Baraka: Sawa Mjomba. Nondo zipo nyuma ya banda.

Mjomba Hamisi: Dada Mwanaidi, mbu wanahitaji kama wiki moja hivi kutoka yai hadi kuruka, joto likiwepo. Tutaweka gapi, wale samaki wadogo. Viluwiluwi kwao ni karamu. Watano au sita tu kwanza, watazaana wenyewe. Ila wasije wakamwagwa mtoni.

Shangazi Mwanaidi: Nikiumwa na mbu mmoja nafukia mwenyewe.

Baraka: Maji ya bomba sawa?

Mjomba Hamisi: Yana dawa. Klorini ya kawaida ukiyaacha wazi siku mbili inapaa, lakini kuna maji yanayotiwa kloramini, hiyo haipai kirahisi. Si Bibi ana tangi la mvua? Chota humo. Bwawa linataka kama lita 600 tu, chini ya hapo ukilaza kuta kidogo.

*Jumapili*

Baraka: Nimetoa mawe na mizizi yote, nimepitisha kiganja sakafu nzima. Mchanga, zulia kuukuu juu yake, ndipo nailoni. Wavu umenibeba. Najaza!

Neema: Zulia gani?

Baraka: Lile la stoo

Neema: Baraka. Lile Bibi anaswalia Idi??

Baraka: Lilikuwa limekunjwa chini ya magunia!!

Bibi (ujumbe wa sauti, Neema ameandika): "Nimesikia. Nakuja uani."

*saa moja baadaye*

Baraka: Niko hai. Ila tatizo jingine, tazameni picha. Upande wa ukuta maji yanataka kumwagika, upande wa jikoni nailoni iko wazi vidole vinne.

Mjomba Hamisi: Ukingo ulipima na nini?

Baraka: Kwa macho

Mjomba Hamisi: 🤦🏾‍♂️ Maji hayadanganywi. Huna pimamaji, chukua mpira unaoonyesha ndani, ujaze maji bila povu la hewa, ncha moja ukingo huu na nyingine ule. Maji yanapokaa kila ncha, huo ndio usawa. Sasa inua nailoni upande wa ukuta, shindilia udongo chini yake mpaka ulingane na wa jikoni. Kisha funika ukingo wote kwa mawe. Nailoni ikipigwa na jua inakauka na kupasuka.

Baraka: Udongo ninao. Nilibakiza mwingi 😅

*Jumatano*

Bibi (ujumbe wa sauti, Neema ameandika): "Baraka, huyo samaki wako anapiga kelele usiku kucha. Sijalala."

Baraka: Bibi, samaki bado sijaleta! Huyo ni chura.

Shangazi Mwanaidi: Amejialika

Mjomba Hamisi: Mwekee jiwe la kupandia, asije akazama kwenye nailoni inayoteleza.

Bibi (ujumbe wa sauti, Neema ameandika): "Chura akae. Zulia langu lini?"