Prado 95 imelala nyuma, nataka kuinyanyua: ninunue springi za uzito gani?

Mkulima_Kiteto
Wakuu, habari za majukumu. Nina Prado 95 ya 1998, injini ya dizeli 1KZ-TE, gia za mkono. Naishi Arusha ila shamba liko Kiteto, kwa hiyo mara mbili tatu kwa mwezi nashuka Orkesumet mpaka Kibaya. Wanaoijua njia hiyo hawahitaji maelezo: kiangazi barabara imejikunja kama bati, masika udongo mweusi unakushika mpaka kwenye chasisi.

Shida yangu ni nyuma. Nikiwa peke yangu tu gari linaonekana kama limebeba mzigo. Nikipakia magunia manne ya mahindi, kila korongo nasikia "ngo!" chini, taa zinamulika nguzo za umeme, na kila ninayepishana naye ananipigia mwanga wa hasira. Springi nadhani ni zilezile zilizokuja nalo kutoka Japani.

Fundi wangu anasema niweke spesa (vipande vya kuongezea kimo juu ya springi au shokapu) za inchi tatu mbele na nyuma, kazi ya nusu siku. Muuza spea akaniambia spesa ni uhuni, ninunue springi za kunyanyua, ila akaniuliza: "Unataka laiti, midiamu au hevi?" Nikamjibu hevi, si ndiyo imara? Akacheka, hakunieleza anacheka nini. Mbele nina bampa ya chuma, winchi bado. Naombeni ushauri kabla sijatoa hela. Naomba kuwasilisha.

Dume_la_Porini
Chukua hevi mkuu, ununue mara moja uachane nazo. Gari la shamba halina haja ya ulaini.

JimnyMdogo
Dume, usimponze mwenzako. Mimi nilifuata ushauri kama huo kwenye Jimny yangu. Nilinunua springi za nyuma za mzigo mzito kwa sababu siku moja moja nabeba mabomba ya maji. Siku nyingine zote gari tupu linaruka kama mbuzi. Kwenye barabara ya bati tairi za nyuma hazikanyagi chini, zinacheza juu juu, ukipiga kona kidogo mkia unakwenda wenyewe. Mke wangu alipanda mara moja, akashuka njiani akasema atakuja na bodaboda. Nilizitoa baada ya miezi miwili.

Bakari_Gereji
Kaka Mkulima, kwanza sahau neno "imara". Springi hevi haimaanishi chuma bora kuliko laiti. Maana yake ni kwamba inahitaji mzigo mkubwa zaidi ili ibonyee kiasi kilekile. Ukiiweka kwenye gari lisilo na mzigo, haibonyei, na springi isiyobonyea haifanyi kazi ya springi.

Watengenezaji wa Australia ambao bidhaa zao tunaziona huku, akina Old Man Emu, Ironman, Dobinsons, Tough Dog, katalogi zao zinapanga springi kwa kilo za mzigo wa KUDUMU. Yaani vitu vinavyokaa kwenye gari siku zote: bampa ya chuma, winchi, keria, tenki la ziada, droo za vifaa. Magunia unayobeba wakati wa mavuno hayahesabiwi humo. Hapo ndipo wengi tunapoteleza, tunanunua springi kwa ajili ya siku moja ya mwaka halafu tunateseka siku 364.

Kwa hiyo kabla ya kununua chochote fanya mambo mawili. Moja, pima kutoka katikati ya rimu kwenda juu mpaka ukingo wa fenda, magurudumu yote manne, gari likiwa kwenye sakafu tambarare. Usipime kutoka chini, upepo wa tairi utakudanganya. Pili, lipeleke kwenye mizani ya magari. Viwanda vya nafaka wanazo, ukiomba kistaarabu wanakupimia. Pandisha tairi za mbele peke yake, andika. Kisha za nyuma peke yake, andika. Rudia ukiwa na mzigo. Ukileta namba tutaongea.

Ukiwa unapima, ingia uvunguni utazame boljointi (maungio ya mpira yanayoshika gurudumu) za chini za mbele. Kwenye Prado hizi zimekaa kwa namna ambayo uzito wa gari unazivuta badala ya kuzikandamiza. Ikichoka inachomoka na gurudumu linalala ubavu. Nimeshaona zaidi ya moja pembeni ya barabara, tairi imetazama mbinguni. Kama zina mchezo, hela ya kwanza iende huko, halafu ndiyo tuzungumze kunyanyua.

Kifaru80
Naandika kutoka Nanyuki. Ndugu, ukinyanyua angalia pia usukani. Mimi niliweka inchi mbili kwenye Land Cruiser 80 na gari ikaanza kutangatanga barabarani kama mlevi, nikifika kasi ya themanini natoka jasho. Ilibidi nibadilishe bushi (raba za maungio) za radius amu, ile mikono inayoshika ekseli ya mbele, ziwe zile za kurekebisha kasta, yaani pembe ya mlalo inayofanya usukani ujinyooshe. Baada ya hapo ilitulia kabisa.

Bakari_Gereji
Kifaru uko sahihi kwa 80, maana mbele ina ekseli nzima kama Patrol ya zamani au Jimny. Ukiinyanyua, ekseli inazunguka kidogo kwenye mikono yake na kasta inapungua. Prado 95 mbele kila gurudumu linajitegemea. Kasta na kamba yake (camber, gurudumu kuinamia ndani au nje) zinarekebishwa kwa zile bolti za amu ya chini, mkono unaoshika gurudumu, kwenye mashine ya alaimenti, ili mradi hujapita kiasi. Ugonjwa wake ni mwingine: shafti za mbele. Kadiri unavyonyanyua ndivyo sivijointi, maungio ya shafti hizo, zinavyofanya kazi zikiwa zimepinda. Milimita 40 mpaka 50 inavumilia. Inchi tatu bila kushusha difu ya mbele (sanduku la gia linalozungusha shafti) ni kutafuta matatizo.

Masai_wa_Lami
Nathibitisha. Inchi tatu za spesa nilizo nazo ni shahidi. Ndani ya miezi mitano buti (raba za kufunika) za sivijointi za ndani zilianza kutema grisi, moja ikachanika, mchanga ukaingia, shafti ikaanza kulia "ka ka ka" kwenye kona. Halafu mbele likawa halina safari ya kushuka. Gurudumu likiingia shimoni shokapu inafika mwisho wake na kugonga, sauti kama mtu anapiga nyundo kwenye sinki.

Na fundi wako alikueleza kwamba spesa ya mbele ya juu ya shokapu inazidisha? Ile shokapu imekaa katikati ya amu, si kwenye gurudumu. Ukiweka spesa ya milimita 25 pale juu, kwenye gurudumu unapata karibu mara mbili. Mimi nilipewa spesa nene nikijua nanunua inchi moja na nusu.

Dume_la_Porini
Sawa, nimekubali kwa upande wa mbele. Ila spesa za nyuma zina ubaya gani? Nyuma ni ekseli nzima.

Bakari_Gereji
Hazina ubaya mkubwa zikiwa nyembamba, ila hazitibu ugonjwa wa kaka Mkulima. Springi iliyochoka ukiiwekea spesa inabaki imechoka, imesimama tu kwenye kigoda. Ukipakia inabonyea vilevile.

Mkulima_Kiteto
Wakuu nimerudi. Leo nimepima kwenye mizani ya kiwanda cha unga, jamaa hawakunitoza hata mia.

Likiwa tupu, nusu tenki, mimi ndani na vifaa vyangu: mbele kilo 1,020, nyuma 930.
Likiwa na magunia manne, shemeji yangu na mazagazaga: mbele 1,040, nyuma 1,440.

Fenda: mbele kushoto sentimita 49, kulia 47.5. Nyuma kushoto 46, kulia 45.5.

Boljointi ya chini ya kulia ina mchezo, naisikia kwa mkono. Asante sana Bakari, ningeendelea nayo hivyohivyo.

Bakari_Gereji
Umefanya kazi nzuri. Sasa tazama hesabu, ni ya shule ya msingi.

Mzigo umeongeza kilo 510 nyuma, maana yake 255 kwa kila springi. Chukulia springi laini kiasi inayobonyea milimita moja kwa kila kilo 2. 255 gawanya kwa 2, ni karibu milimita 127. Gari lako halina nafasi hiyo nyuma, ndiyo maana ekseli inafikia zile raba za chasisi na unasikia "ngo!". Springi ngumu zaidi, ya kilo 3 kwa milimita, itashuka milimita 85. Bora, lakini bado ni nyingi, na ukiwa tupu utakuwa na Jimny ya mwenzetu.

Kwa hiyo hakuna springi moja itakayokupa yote mawili. Ushauri wangu: nyuma weka midiamu ya kunyanyua kama milimita 40, inayofaa mzigo wa kudumu mdogo, kisha ndani ya koili weka maputo ya hewa. Yapo yaliyotengenezwa kwa kazi hiyo, yanajazwa kwa pampu ya kawaida ya tairi. Siku ya magunia unajaza, siku ya kawaida unapunguza mpaka psi 5 hivi. Usiyaache bila hewa kabisa, yatajikunja na kusagwa na koili. Kiwango cha juu kimeandikwa kwenye karatasi yake, usikivuke hata kama mahindi yamekubali sana mwaka huu.

Mbele chagua springi za gari la dizeli lenye bampa ya chuma. Muuzaji asikupe za injini ya petroli kwa sababu "zinafanana". Zinafanana kwa macho, lakini 1KZ ni nzito na bampa inaongeza. Unene wa waya unadanganya sana: waya ukitoka milimita 14 kwenda 15, mengine yote yakibaki sawa, ugumu unapanda kwa karibu theluthi moja. Milimita moja tu, huwezi kuiona ukiwa dukani.

Na shokapu zibadilishwe pamoja. Springi mpya kwenye shokapu za 1998 ni kumpa kijana mkongojo.

JimnyMdogo
Swali la pembeni. Akinyanyua hivyo, difu ya nyuma nayo si itapanda? Maana kwenye udongo mweusi ndiyo inayonasa.

Kifaru80
Hapana, haipandi. Ekseli ya nyuma inakaa pale tairi ilipoiweka, springi inainua bodi na chasisi tu. Difu inapandishwa na tairi. Akitoka 265/70 R16 kwenda 265/75 R16, kipenyo kinaongezeka kama milimita 27, difu inapanda nusu yake, 13. Kidogo, lakini ni ya kweli.

Mkulima_Kiteto
Bado sijataka kugusa tairi, hizi zina mwaka mmoja. Fundi nimemwonyesha ushauri wenu, amekubali ingawa kwa shingo upande. Kuna cha kumwambia kabla hajaanza?

Bakari_Gereji
Mambo manne, na la kwanza halina mjadala. Springi za mbele zibanwe kwa kifaa chake cha kubania. Nimeona watu wanafunga kwa minyororo au waya wa kufungia mzigo. Koili iliyobanwa ikifyatuka inatoboa bati la paa, sembuse kifua cha mtu.

Bolti za bushi zisikazwe gari likiwa hewani. Zishikizwe tu, lishushwe, litikiswe, ndipo zikazwe likiwa limekanyaga. Zikikazwa linaning'inia, bushi zinabaki zimejinyonga na zitakatika mapema.

Nyuma, kama lako lina ile valvu ya breki yenye fimbo iliyofungwa kwenye ekseli, irekebishwe. Fimbo hiyo ndiyo inayoiambia breki gari limebeba kiasi gani. Ukinyanyua, inadhani gari ni tupu siku zote na inapunguza breki za nyuma. Watu wengi wanalaumu pedi kumbe ni hiyo.

Halafu alaimenti na taa, siku hiyohiyo.

Mkulima_Kiteto
Wiki tatu baadaye. Nimeshakwenda Kibaya na kurudi mara mbili, safari ya pili na magunia manne. Maputo nilijaza, "ngo!" nimeisikia mara moja tu, kwenye korongo ambalo nililiingia kwa ujeuri wangu. Taa sasa zinamulika barabara. Boljointi zote mbili mpya pamoja na bolti zake. Fundi alikuwa anataka kurudisha bolti za zamani, nikakataa.

Ila nimepima tena: nyuma ziko sawa, mbele kulia bado iko chini ya kushoto kwa milimita 12. Springi ni mpya! Nimeuziwa mbovu?

Bakari_Gereji
Si mbovu. Umezitazama alama zake? Aina nyingine zinakuja na tofauti ya kushoto na kulia, ndefu kidogo inakaa upande wa dereva, na fundi asiyejua anazigeuza. Soma namba zilizochapwa kwenye koili ulinganishe na karatasi ya boksi. Kama zote ni sawa, weka kipande cha milimita 5 au 6 upande wa kulia, juu ya koili. Usiweke cha 12, kumbuka kile alichokisema Masai_wa_Lami kuhusu amu. Na alaimenti irudiwe.

Mkulima_Kiteto
Nimetoka uvunguni sasa hivi na tochi. Ya kulia imeandikwa A, ya kushoto B. Karatasi ya boksi inasema B upande wa dereva.

Masai_wa_Lami
😂😂 Nusu siku ya kazi.

Mkulima_Kiteto
Jumamosi nalirudisha. Na safari hii nitakaa palepale kwenye kiti namtazama.