Gereji ilisahau kukaza nati ya sampu, injini imekufa, na sasa wao ndio wanaoniamulia itengenezwe vipi

Ndugu wanajukwaa, naandika nikiwa na hasira ambayo siku ya kumi na moja sasa haijapoa. Nitajitahidi kueleza kwa mpangilio, ili atakayenijibu anijibu kuhusu injini na si kuhusu hasira yangu.

Gari ni Toyota Premio yenye injini ya 1NZ-FE. Ijumaa jioni nililipeleka kufanyiwa sevisi katika gereji moja hapa Kampala, ambayo sitaitaja, nikalipia oili, filta na ufundi. Kesho yake alfajiri nikaondoka kwenda Masaka kwenye msiba. Nilikuwa nimeshapita Kayabwe, pale kwenye mstari wa Ikweta, na sijafika Lukaya, taa nyekundu ya oili ilipowaka. Nakiri kosa langu kabla hamjaninyooshea kidole: sikuzima injini papo hapo. Nilijiambia kwamba oili imewekwa jana, basi huenda ni waya tu, nikaendelea kama kilomita tatu nikitafuta mahali pa kuegesha, mpaka injini ilipoanza kugonga kama mchi katika kinu kitupu. Taa ile haipimi oili iliyobaki ni kiasi gani. Inapima msukumo wake, na inapowaka ukiwa mwendoni, mara nyingi pampu imeshaanza kuvuta hewa.

Nilipoinama chini ya gari nilikuta tundu la sampu, yaani bakuli la oili lililo chini ya injini, liko wazi na nati haipo. Oili ilikuwa imetapakaa kuanzia sampu hadi chini ya buti, imeshika vumbi jekundu, na kijiti cha kupimia kilitoka kikavu kabisa. Injini hii hubeba takriban lita 3.7, na zote nilikuwa nimezimwaga barabarani. Nati iliyokazwa kwa spana haijifungui kwa safari moja. Hiyo ilishikizwa kwa vidole, mtu akaitwa kwenye gari jingine, akasahau kurudi.

Mwenye gereji alikubali kulivuta gari hadi kwake, na hapo ndipo malalamiko yangu yanapoanza hasa. Sampu ilipofunguliwa nilikuwepo. Ndani yake mlikuwa na chembe za chuma zinazometameta kama magamba ya dagaa wa mukene. Metali za konrodi ya pistoni ya tatu, yaani vipande vyembamba vinavyokaa kati ya konrodi (mkono wa pistoni) na krenki (shafti kuu inayozungushwa na pistoni), zilikuwa zimezunguka na kusagika, na nilipopitisha ukucha juu ya krenki mahali zilipokaa, ukucha ulikwama kwenye michirizi. Konrodi yenyewe imegeuka bluu kwa joto. Baada ya kuyaona hayo yote, bwana fundi ananiambia bila haya kwamba atapiga krenki msasa kwa mkono, aweke metali mpya za saizi ya kawaida, afunge, na gari litatembea. Eti yeye atasamehe ufundi, spea ninunue mimi.

Litatembea hadi wapi? Krenki iliyochimbika kiasi hicho haiponi kwa msasa. Hupelekwa karakana, ikapimwa kwa mikromita (kifaa cha kupimia unene kwa usahihi), ikanolewa kwa mashine hadi 0.25 au 0.50 ya milimita chini ya saizi yake ya awali, kisha zikanunuliwa metali za saizi hiyo hiyo. Konrodi iliyoungua hubadilishwa. Zaidi ya hayo, zile chembe hazikukaa kwenye sampu peke yake, bali zimepita kwenye pampu, kwenye njia za oili ndani ya bloku (mwili wa injini) na krenki, na huenda zimefika kwenye kikaza cheni na vali ya VVT-i (mfumo unaorekebisha muda wa vali kufunguka), na zisipooshwa zitazila metali mpya kama zilivyoliwa za zamani. Nilimwuliza kama ana mikromita. Akanijibu kwamba mkono wake una uzoefu wa miaka ishirini. Mkono ule ule uliosahau nati!

Njia ya pili ni kununua injini iliyotumika kutoka Japani. Nilizunguka Kisekka, ambako kila mwenye gari Kampala huelekezwa anapotafuta spea, na bei niliyotajiwa ni shilingi 2,600,000, wakati karakana ilinikadiria 1,900,000 kwa matengenezo kamili ikiwa bloku ni nzima. Tofauti hiyo si kubwa, ila muuzaji hataki nipime kompresheni (mgandamizo ndani ya silinda) wala nifungue kifuniko cha juu kabla ya kulipa, na garanti yake ni siku tatu. Tena nambari ya injini hiyo haitalingana na iliyo kwenye kadi ya gari, kwa hiyo bila risiti na hati zake nitakuwa nimejinunulia usumbufu siku nitakapotaka kuuza.

Kinachoniudhi kuliko yote ni kwamba jambo linaloweza kuamua halijaangaliwa na mtu yeyote. Kamshafti za injini hii, yaani shafti zinazofungua vali, huzunguka moja kwa moja juu ya aluminiamu ya silinda hedi, sehemu ya juu ya injini, na huko juu ndiko oili huchelewa kufika hata siku za kawaida. Ikiwa hedi imekwaruzika pale zinapokaa, hesabu ya kutengeneza imevunjika na ninunue injini nyingine. Ikiwa ni safi, na silinda hazina michirizi, nitanoa krenki. Kufungua kifuniko cha juu cha injini yangu ili kuitazama hedi ni kazi ya nusu saa, lakini fundi anasema hafungui chochote zaidi mpaka nikubali msasa wake.

Naomba aliyewahi kunoa krenki ya 1NZ hapa Kampala anieleze kama ilivuka mwaka, na alitumia metali za kutoka wapi. Jumatatu nalivuta gari kulipeleka kwingine. Mwenye gereji ameshanitumia ujumbe kwamba nikija nije na shilingi 10,000 kwa kila siku ambayo gari limelala uani kwake.