Nasindikiza wanafunzi Kigali, mmoja ana kifafa: nimchukue au nimwache?

Madam_Historia:
Wakuu, heshima kwenu. Nafundisha Historia shule ya bweni, Kahama. Mwisho wa mwezi tunapeleka kidato cha tatu Kigali kwa siku tatu, hasa kwa ajili ya kumbukumbu ya mauaji ya kimbari pale Gisozi. Wanafunzi ni 41, walimu wawili: mimi na mwenzangu wa kiume. Hati za dharura za kusafiria Uhamiaji wameshatoa, barua za ridhaa za wazazi ninazo.

Shida ni binti mmoja. Ana kifafa, anameza fenobabitoni kila usiku, na hajaanguka muda mrefu. Mama yake ameshalipa pesa yote. Mkuu wa shule anasema abaki, "akiangukia nje ya nchi tutajibu nini?" Na huyo ndiye anayeongoza Historia darasani. Mpango ni kuondoka usiku tufike Rusumo, mpakani na Rwanda, alfajiri. Mliowahi kusindikiza wanafunzi nje, mnanishaurije? Nawasilisha.

Mzee_wa_Nongwa:
Mkuu wa shule yuko sahihi. Mtoto wa watu habahatishwi. Rudisha hela ya mama, yaishe.

NesiMstaafu:
Nongwa, akiangukia bwenini mtajibu nini? Au kifafa kinaogopa Kahama?

Madam, mchukue, ila safari ya usiku ifute. Kukosa usingizi ni moja ya mambo yanayochokoza kifafa, halafu wewe unataka akeshe kwenye basi. Ondokeni asubuhi, laleni Ngara, mvuke kesho yake. Dawa zibaki kwenye pakiti ya hospitali pamoja na barua ya daktari, kwa sababu fenobabitoni ni dawa inayodhibitiwa. Vidonge vya kufunga kwenye karatasi vitakuletea maswali mpakani. Zishike wewe, si yeye. Na Rwanda wako nyuma yetu kwa saa moja: kama nyumbani anameza saa 3 usiku, kule inakuwa saa 2.

Akianguka, mlaze ubavu, legeza kola, weka sweta chini ya kichwa, tazama saa. Usimtie kijiko wala kitambaa mdomoni. Ikipita dakika 5 bado anatetemeka, hospitali. Wafundishe hayo wenzake wa chumba kabla hamjaondoka, ila muombe yeye ruhusa kwanza. Waambie na povu haliambukizi. Nimeshaona bweni zima likimkimbia mwenzao kwa sababu ya povu tu.

Dereva_Isaka:
Mie wa malori, njia hiyo naijua. Kitu ambacho walimu hamkiwazi: mlango wa basi letu uko kushoto, na Rwanda wanaendesha kulia. Basi likiegeshwa pembeni, mlango unafungukia upande magari yanakopita. Mwalimu mmoja atangulie kushuka, asimame pale nje, ndipo watoto waanze kushuka mmoja mmoja. Wakivuka barabara pia, kwa mazoea watatazama kulia kwanza, kumbe gari linawatokea kushoto.

Halafu umesema mwisho wa mwezi. Jumamosi ya mwisho ni Umuganda, saa 2 hadi saa 5 asubuhi watu wako kwenye kazi za pamoja, mkiwa barabarani mtasimamishwa. Mifuko ya nailoni acheni nyumbani, kule marufuku tangu 2008.

Mzee_wa_Nongwa:
Hilo la mlango mbona zito kuliko kifafa.

Ngara_Kwetu:
Nilikuwa mdogo hapa Ngara mwisho wa Aprili 1994, wakimbizi zaidi ya 200,000 kutoka Rwanda walivuka Rusumo ndani ya siku moja hivi. Kwa hiyo madam, usimuwaze huyo binti peke yake. Gisozi kuna sehemu ya watoto: picha ya mtoto, chini yake jina lake, chakula alichokipenda, na namna alivyouawa. Humo ndimo watakapovunjika, na mara nyingi ni wale wanaojifanya wagumu. Ukitoka nje na mmoja anayelia, mwenzako kabaki ndani na 40. Walimu wawili hawatoshi.

Na uwakanye mapema: mtu asithubutu kumuuliza mwenyeji kama ni Mhutu au Mtutsi. Watoto wetu wanauliza kabila kama wanauliza saa.

Madam_Historia:
Asanteni sana. Mkuu wa shule amekubali tuondoke asubuhi na binti aende, ila kuhusu msindikizaji wa tatu, anasema bajeti haina. Mama wa binti amejitolea kuja kwa nauli yake mwenyewe. Binti kasema bora abaki.

NesiMstaafu:
Simlaumu! Kidato cha tatu, na mama kwenye siti ya nyuma? Hiyo nauli mama ampe metroni, yeye abaki Kahama na simu iwe hewani. Uhamiaji nendeni kesho asubuhi, metroni naye anahitaji hati.